Sura ya Sita: Ngome za Miti

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ina mwaka mmoja unaoamua mengi: 1863. Jengo, ngome, kaburi, jalala la kale, kisima, barabara, tuta au handaki lililotengenezwa na binadamu katika Tanganyika kabla ya mwaka huo linahesabiwa kuwa malikale, liwe limetangazwa au halijatangazwa. La baada ya hapo husubiri waziri alitangaze kwenye Gazeti la Serikali. Na tuwape haki yao waliotunga sheria hiyo: hawakuusahau udongo. Waliyataja matuta na mahandaki waziwazi, sambamba na misikiti na makaburi.

Nimeanza na sheria kwa sababu sura hii inahusu ngome ambazo hazipo.

Muulize mtu wa Kibaha au Kisarawe malikale ziko wapi. Atakuelekeza Bagamoyo, kwenye magofu ya Kaole yenye msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya nguzo. Akiwa na ndugu Dar es Salaam atakutajia Kunduchi, ambako waliojenga makaburi walipachika sahani za Kichina. Akiwa msafiri atasema Kilwa. Kote huko kuna mawe, kuna bango, kuna mtunzaji na kuna kiingilio. Kibaha na Kisarawe ziko nyuma ya miji hiyo ya mawe, bara yake, na nchi hiyo ni ya Wazaramo. Wazaramo walijenga kwa miti. Mti ukioza hauachi gofu, na pasipo gofu watu hudhani hapakuwa na mji.

Mji ulikuwepo. Mwishoni mwa Juni 1857, Richard Burton na mwenzake John Speke waliondoka Kaole kwenda kutafuta maziwa makuu, wakaambaa na bonde la Ruvu, mto ambao Burton aliuita Kingani. Kituo chao kimoja cha mwanzo kiliitwa Bomani. Wakapita Mkwaju la Mvuani, wakafika Nzasa, na kuanzia hapo walikuwa ndani ya Uzaramo usio chini ya liwali wa pwani wala sultani wa Unguja. Ukikisoma kitabu alichochapisha Burton mwaka 1860, sehemu ya Uzaramo imejaa malalamiko ya msafiri anayedaiwa hongo na mapazi, mmoja baada ya mwingine. Pazi ndiye aliyekuwa mkuu wa Kizaramo, na njia ilipita kwake. Miaka 12 kabla ya hapo, mwaka 1845, Mfaransa kijana aliyeitwa Maizan aliingia nchi hiyo na shehena ya bidhaa, akauawa Dege la Mhora, katika himaya ya Pazi Mazungera. Habari zake ziliwatia hofu watu wa msafara wa Burton.

Sasa, kwa nini watu wa nchi ya mihogo na minazi waishi ndani ya boma, yaani ngome ya miti? Masimulizi ya Wazaramo yanaanza na Wakamba. Wakamba walishuka pwani kwa vita, wakawasumbua Washomvi waliokaa Kunduchi na Bagamoyo. Washomvi wakamwendea mwindaji wa bara, Pazi Kilama, wakaomba msaada. Wakamba wakafukuzwa, na malipo yake yakawa ushuru wa kila mwaka kutoka pwani kwenda kwa Pazi, ulioitwa kanda la Pazi. Msomaji anaweza kuyatilia shaka masimulizi yoyote ya mwanzo wa ukoo, lakini hilo la ushuru lina uzito wake. Mtu wa bara aliyejenga kwa miti alikuwa akilipwa na mtu wa pwani aliyejenga kwa mawe.

Baada ya Wakamba zikaja shida nyingine. Biashara ya watumwa ilifanya kila njia ya Uzaramo kuwa mtego, na jirani akawa wa kuogopwa kuliko mgeni. Kisha wakaja Mafiti, jina ambalo watu wa pwani waliwapa Wambunga na wapiganaji wengine wa kusini walioiga vita vya Wangoni. Mwaka 1889 Abushiri, kiongozi wa vita vya pwani dhidi ya Wajerumani, alipokuwa anazidiwa aliwaita Mafiti wamsaidie. Walipita Uzaramo wakichoma na kuteka, mpaka Oktoba mwaka huo waliposhindwa na kikosi cha Kijerumani cha Gravenreuth huko Yombo. Kijiji kisicho na boma katika miaka hiyo kilikuwa ni chakula cha mpitaji.

Boma lenyewe lilikuwa kazi ya jasho jingi. Miti migumu ilikatwa na kuchongwa ncha, ikasimamishwa bega kwa bega ndani ya mtaro uliochimbwa kuuzunguka mji wote, udongo ukashindiliwa miguuni, nguzo zikafungwa kwa kamba za magome. Mlango uliachwa mfupi na mwembamba, mgeni aingie ameinama, shingo yake ikiwa mbele, na usiku ulizibwa kwa magogo. Nje ya boma kichaka hakikufyekwa. Kiliachwa kisonge, kikakatwa kijia kimoja chenye kona nyingi, ili anayekuja kwa kasi apunguze kasi hapo. Ndani ilikuwemo nyumba ya mkubwa, kubwa kuliko zote, na kuizunguka nyumba za wake, ndugu, wajukuu na watumwa, maghala ya nafaka na zizi la mbuzi. Kwa hiyo boma la pazi lilikuwa ngome, makazi na ofisi ya ushuru kwa wakati mmoja.

Mchwa wa Pwani hawakuogopa pazi. Nguzo ya mti, hata ikiwa ngumu namna gani, ikitelekezwa haimalizi miaka mingi. Juu ya ardhi hakibaki kitu. Chini ya ardhi, hata hivyo, nguzo haiondoki bila kuaga. Pale ilipokuwa imesimama, mti huoza taratibu na nafasi yake hujazwa na udongo wa juu, wenye mboji, mweusi na mlaini kuliko udongo uliouzunguka. Mwanaakiolojia akikwangua ardhi kwa mwiko, kidogo kidogo kama mtu anayekwangua ukoko sufuriani, hufika mahali ambapo kwenye udongo mwekundu hutokea duara jeusi la upana wa paja la mtu. Hilo ni shimo la nguzo. Hatua chache pembeni hutokea jingine, halafu jingine, mpaka mstari wa boma unajichora wenyewe. Vipimo vya mashimo humwambia unene wa miti, na pengo kwenye mstari humwonyesha mlango ulipokuwa. Greda la kusawazisha kiwanja hukata kina hicho hicho cha udongo kwa mpito mmoja, na dereva wala hajui kwamba kuna kitu amepita juu yake.

Mtu asiye na mwiko ana dalili zake pia. Mahame ya Kisarawe yanajulikana na wenyeji kwa miembe mizee iliyosimama pamoja mahali pasipo nyumba, kwa mkwaju au mbuyu ulioachwa peke yake katikati ya mashamba, kwa vigae vinavyotokeza mvua za masika zikisha kuosha udongo, kwa mawe ya kusagia yaliyolika tumboni, na kwa mavi ya chuma, yale mabonge meusi mazito yaliyobaki ya wafua chuma. Dalili iliyo kubwa kuliko zote ni kichaka cha makaburi. Wazaramo hawakuruhusu kichaka hicho kikatwe ovyo. Palikuwa mahali pa tambiko, na anayetafuta kuni alikipita kando. Ukitaka kujua ulinzi wa malikale ulianza lini Uzaramo, uko hapo, na haukuhitaji kiingilio.

Kwamba ardhi hii ina mambo, hilo halibishaniwi tena. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, mwanaakiolojia Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ametembea sehemu kubwa ya pwani na bara yake akitafuta vigae na mavi ya chuma. Kitabu chake cha mwaka 1994 kuhusu pwani ya Tanzania katika milenia ya kwanza kilisaidia kuuvunja mtindo wa kuianza historia ya pwani kwa kuwasili kwa wageni. Watu walikuwa wakilima, wakifinyanga na kuyeyusha chuma huku katika karne za mwanzo baada ya Kristo, na ushahidi wake ulitoka chini ya miguu, bila ukuta wa jiwe hata mmoja.

Sasa twende mbali kidogo, kwa sababu kuna watu waliokutana na tatizo la namna hii na kulifanyia kazi.

Uingereza, hasa katikati na mashariki, imejaa mahandaki ya maji. Kati ya mwaka 1250 na 1350 hivi, wenye mashamba wengi, baadhi yao watu wa kawaida tu waliojaliwa kipato, walichimba handaki la pembe nne kuizunguka nyumba yao na kulijaza maji. Mahali palipojulikana na wataalamu ni kama 6,000. Mengi hayakuwa ya vita. Handaki la upana wa mita chache lingemzuia mwizi na ng'ombe wa jirani, lisingezuia jeshi. Lilisaidia kukausha kiwanja chenye udongo wa mfinyanzi, lilifugiwa samaki, na zaidi ya yote lilimwambia mpita njia kwamba mwenye nyumba hii si mtu mdogo. Nyumba chache za aina hiyo bado zimesimama, kama Ightham Mote huko Kent. Lakini nyingi zilijengwa kwa mbao na zikatoweka. Kilichobaki ni bonde dogo lenye nyasi za kijani kibichi katikati ya shamba la ngano.

Bonde hilo tupu lina ulinzi wa sheria. Uingereza ilipitisha sheria yake ya kwanza ya kulinda kumbukumbu za kale mwaka 1882, kwa juhudi za mbunge John Lubbock, na orodha ya mwanzo ilikuwa fupi, yenye mawe makubwa kama ya Stonehenge. Ilichukua miaka mingi mpaka mahandaki na vijiji vilivyohamwa vihesabiwe kuwa na hadhi hiyo hiyo. Chini ya sheria ya mwaka 1979, mahali palipoorodheshwa haparuhusiwi kujengwa, kuchimbwa wala kupitishwa chombo cha kutafutia vyuma bila kibali, na kukiuka ni kosa la jinai. England peke yake ina karibu sehemu 20,000 kwenye orodha hiyo. Ardhi inabaki mali ya mwenyewe. Serikali hainunui shamba, inaweka jina la mahali kwenye orodha na mpaka kwenye ramani, na mkulima anajua mwisho wa jembe lake uko wapi. Jembe la trekta linabaki kuwa adui mkubwa hata hivyo, maana shamba lililokuwa likilimwa kabla ya kuorodheshwa mara nyingi huruhusiwa kuendelea kulimwa. Waingereza wenyewe wanalilalamikia hilo mpaka leo.

Miaka hiyo hiyo ambayo Waingereza walikuwa wakichimba mahandaki yao, sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga Husuni Kubwa huko Kilwa Kisiwani, jumba lenye nyua, vyumba vya biashara na bwawa la kuogelea juu ya mwamba wa bahari. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na akaukuta mji ambao, kwa maelezo yake, ulijengwa kwa miti. Tunaizungumza Kilwa kwa jumba la sultani na msikiti mkuu, na hapo ndipo mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba na UNESCO ikaliweka jina la Kilwa kwenye orodha yake ya urithi wa dunia mwaka 1981. Mji wa miti, walikoishi wengi wa watu wa Kilwa, ndio uliotangulia kusahauliwa.

Karibu zaidi kuna Uganda, na hapo hakuna anayeweza kusema mambo ya mahandaki ni ya Wazungu. Bigo bya Mugenyi, kusini ya mto Katonga katika wilaya ya Sembabule, ni mahandaki yenye jumla ya urefu unaozidi kilomita 10, mengine yamechimbwa ndani ya mwamba kwa kina cha kumfunika mtu mzima na zaidi. Ni kazi ya karne ya 14 au 15. Wenyeji wanayahusisha na Wachwezi, watawala wa masimulizi ya kale, na mpaka leo wapo wanaokwenda kutambika. Peter Shinnie alichimba hapo mwaka 1957, Merrick Posnansky mwaka 1960. Munsa, kaskazini yake, nayo ina mahandaki ya namna hiyo. Hakuna ukuta. Kuna udongo uliohamishwa kwa mikono ya maelfu ya watu, na Uganda imeiweka Bigo kwenye orodha ya maeneo inayotaka yafikiriwe na UNESCO.

Turudi Kibaha.

Kibaha ni makao makuu ya Mkoa wa Pwani, na kwa miaka ya karibuni ni mji wa viwanda. Reli ya kati ilipita bara hii mwanzoni mwa karne iliyopita, ikafika Morogoro mwaka 1907. Reli mpya ya umeme, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, imepita Pugu, Soga na Ruvu. Kwala kuna bandari kavu. Ukitoka Maili Moja mpaka Mlandizi, pande zote mbili za barabara ni mabango ya viwanja. Kisarawe inafuata nyuma, kwa kuwa watu wa Dar es Salaam wameishiwa ardhi na Kisarawe iko mlangoni kwao. Sina ugomvi na reli wala kiwanda. Uzaramo umekaa pembeni ya uchumi kwa muda mrefu kupita kiasi, ukiuzia jiji mkaa na machungwa. Ugomvi wangu ni wa utaratibu: tunaposawazisha kwanza na kuuliza baadaye, hakuna cha kuuliza kinachobaki.

Mradi mkubwa una utaratibu wake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inautaka ufanyiwe tathmini kabla ya kuanza, na humo malikale zina nafasi yake. Hatari iko kwenye mradi mdogo: eka tano zilizouzwa na wanafamilia waliogombana, zikapimwa viwanja, zikapitishwa greda Jumamosi moja. Hapo hakuna tathmini. Kuna dalali, mwenyekiti wa mtaa na mhuri.

Halafu kuna ule mwaka 1863. Boma ambalo Burton angeweza kuliona mwaka 1857 liko ndani ya sheria, hata kama limebaki maduara ya udongo mweusi. Boma lililojengwa kujikinga na Mafiti miaka ya 1880 liko nje mpaka litangazwe. Misheni ya Wabenedikto ya Pugu, iliyoanzishwa mwaka 1888 na kushambuliwa Januari 13, 1889, wamisionari kadhaa wakitekwa na watatu kuuawa, iko nje. Vituo vya Walutheri vya Kisarawe na Maneromango vya miaka ya 1890 viko nje. Wakati huo huo, sheria hiyo hiyo inalinda mlango wa mbao uliochongwa kabla ya mwaka 1940. Kwa hiyo mlango wa nyumba ya tajiri wa pwani una ulinzi wa miaka 77 zaidi kuliko boma la mwanakijiji wa bara. Sidhani kama kuna aliyekusudia hivyo. Mlango huuzwa nje na boma haliuziki, basi mlango ukapata mtetezi. Lakini ule mwaka 1863 ungeweza kusogezwa mbele, na ungesogezwa leo usingemwumiza mtu.

Hata bila kugusa sheria, kuna chombo kilicho mkononi mwa vijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 zinakiwezesha kijiji kupanga matumizi ya ardhi yake: hapa makazi, hapa malisho, hapa msitu. Hakuna kinachozuia mkutano wa kijiji kuandika: hapa mahame, hapa vichaka vya makaburi, hapajengwi. Vijiji vingi vya Kisarawe bado vina wazee wanaoweza kuonyesha kwa kidole walipokaa babu zao kabla ya watu kutawanyika, na walipokaa wao wenyewe kabla ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 kuwahamisha tena. Kibaha Mjini nafasi hiyo imeshapungua, kwa kuwa mtaa haupangi ardhi kama kijiji, na ramani ya mipango miji huchorwa ofisini. Huko ni lazima afisa mipango miji aende na mzee wa Kizaramo kabla ya kwenda na mpima.

Kisarawe ina bahati nyingine. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na wakala huo huo umekabidhiwa pia kutunza magofu kama ya Kaole. Taasisi inayojua kulinda mti na gofu pamoja ingeweza kuanza kuandika mahame yaliyo ndani na kandokando ya msitu huo bila kusubiri fedha za mfadhili. Kazi ya kwanza haihitaji kuchimba. Inahitaji simu yenye GPS, daftari, mtu anayejua Kizaramo, na msimu wa kiangazi ambapo nyasi zimelala.

Kwako ndugu msomaji uliyenunua kiwanja Mlandizi au shamba Maneromango: kabla hujaliita greda, tembea kiwanja chako chote mvua ikishanyesha. Ukikuta vigae, shanga, mavi ya chuma au miembe mizee iliyojipanga, usiokote. Piga picha vikiwa pale pale, waulize majirani wazee mahali hapo paliitwaje, kisha toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji au mtaa na kwa afisa utamaduni wa halmashauri, maana sheria inamtaka anayegundua kitu cha kale aijulishe serikali. Afisa akikuambia hakuna ukuta hapo, mwonyeshe kifungu cha mwaka 1964 kinachotaja handaki, na usiondoke ofisini mpaka aandike.